Reli ya Moshi ilirudi, sasa tuongelee baiskeli: kutoka stesheni mpaka nyumbani nani anatufikisha?

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, heshima kwenu wote.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu leo nimeona nilitoe tu. Kila nikisoma habari za reli humu watu wanaongelea spidi, vichwa vipya, umeme, nauli, yote mazuri siyakatai, ila sijaona anayemuongelea yule mtu anayeshuka stesheni ndogo saa kumi usiku na kwake bado kilomita 14 za vumbi. Mimi ni mmoja wa hao watu.

Kwetu ni Tanga, unashuka Mombo, halafu hupandi mlima kwenda Lushoto, unageukia upande wa bondeni. Hapa Dar naishi Gongo la Mboto. Desemba 2019 treni ya abiria ya Moshi iliporudi baada ya miaka zaidi ya 20, na Oktoba 2020 ikafika mpaka Arusha, mama yangu alinipigia simu analia, yani analia kabisa, anasema mwanangu nimesikia honi.

Ili mnielewe kwanini alilia ngoja niwaambie. Baba alikua na Swala, zile baiskeli zilizokua zinatengenezwa hapa hapa nchini. Tulikua tukisafiri kwa treni baiskeli inaenda behewa la mizigo, inafungwa kikaratasi chenye jina la stesheni kwa kamba ya katani, na sisi tunaenda kukaa kwenye viti. Treni ikifika Mombo usiku baba anakimbilia nyuma anaipokea, anaikagua tairi kwa kubonyeza na dole gumba, mama anakaa kwenye keria, mimi kwenye bomba la mbele nimefunikwa kanga, tunaondoka watatu na mzigo wetu. Hatukua tunamtafuta mtu yeyote atupeleke. Treni ilikua inatufikisha nyumbani mlangoni kwa sababu ya ile baiskeli, ndo maana nasema kwenye kichwa cha mama reli na baiskeli ni kitu kimoja.

Mwaka juzi nilifiwa na shangazi. Nikabeba baiskeli yangu ya Phoenix kwenye basi moja pale Mbezi maana nilijua nitafika usiku na njia ya kule ikinyesha pikipiki hazitaki kwenda. Wapagazi nikawalipa, konda nae nikamlipa, ikaingizwa chini halafu juu yake wakapanga magodoro na friji. Mombo nimeshushwa saa nane usiku, rimu la nyuma limepinda haligeuki kabisa, spoku sita zimekatika. Nimeinyanyua nyuma nikaisukuma kwa tairi la mbele mpaka kunakucha, fundi wa kwanza kumpata ilikua saa mbili na nusu asubuhi. Nilifika nyumbani watu wanatoka makaburini.

Sasa hoja yangu ni hii wakuu. Tunapofufua reli za vijijini tuhesabu na ile safari ya kutoka stesheni kwenda kijijini, na chombo cha hiyo safari kwa watu wengi ni baiskeli. Iwekwe nafasi ya baiskeli kwenye kila treni ya abiria, ijulikane, iwe na bei yake iliyoandikwa ukutani na mtu wa kuipokea. Sio kwa kuomba. Naomba michango yenu.

Kijana wa Tabata

Mkuu pole sana na msiba. Ila niseme ukweli wangu, mimi naona umechelewa, dunia ya vijijini sasa hivi ni bodaboda. Hata kwetu Kisarawe baiskeli wanaendesha wazee tu. Vijana wote pikipiki. Serikali itenge behewa zima kwa ajili ya kitu ambacho watu wanakiacha? Bora hiyo hela waongeze safari.

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Asante mkuu kwa kuchangia, na hilo la kuongeza safari nakuunga mkono kabisa, siligombi.

Ila nenda pale Magogoni saa kumi na mbili asubuhi usimame dakika kumi uangalie pantoni inavyoshusha. Baiskeli zinatoka mpaka unapoteza hesabu, za muuza mikate, za mafundi rangi wa Kigamboni, za wauza samaki wenye makapu. Hakuna aliyekaa akauliza kama baiskeli inafaa kuingia kwenye kivuko, inaingia inalipa inashuka, miaka yote hiyo tokea sisi watoto. Kama chombo kinachovuka bahari kinaibeba, treni yenye sakafu iliyotulia inashindwaje?

Na kuhusu bodaboda. Ni kweli vijana wako kwenye pikipiki, ila anayepakiwa analipa nauli, na bei ya usiku au ya mvua haifanani na ya mchana. Mama anayetoka kuuza pea Dar faida yake yote inaweza kuishia kwenye hizo kilomita za mwisho. Baiskeli ukiwa nayo umeshainunua, barabara haikudai kitu. Shinyanga na Mwanza watu wamezaliwa wanakuta baiskeli ndo daladala. Na mtu hawezi kubeba pikipiki yake kwenye siti ya treni, baiskeli anaweza.

Halafu hapa Dar kwenyewe. Jirani yangu ni muuza samaki. Saa tisa usiku anatoka Gongo la Mboto kwa baiskeli kwenda soko la samaki la Feri kuwahi mnada, kilomita kama 18 hivi, sawa, usiku kuna baridi. Shida ni kurudi. Anarudi saa tatu asubuhi na ndoo mbili zimejaa kwenye keria, Nyerere Road ina malori, jua limeshapanda, barafu inayeyuka. Na muda huo huo treni ya Pugu ikishashusha watu mjini inarudi na nafasi tele. Mimi kila nikimuona anapanda kale kamlima ka kutokea Vingunguti anahema, naiwaza ile treni tu.

Kijana wa Tabata

Hapo kwa muuza samaki umenigusa. Ila mkuu, harufu. Mimi napanda ile treni ya mjini tokea ilivyoanza 2012 tukawa tunaiita treni ya Mwakyembe, asubuhi watu tumebanana mtu hana pa kuweka mguu. Leta baiskeli yenye ndoo za samaki pale uone watu watakavyogombana.

Mstaafu wa Gengi

Wanangu habari zenu. Mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi ya njia, nimekaa kwenye gengi, kile kikundi cha kutunza reli, na baadae nikawa mnyapara wa gengi. Nimeusoma huu uzi mara mbili na naomba niongee kwa urefu kidogo, mtanivumilia.

Hiyo reli mnayoiongelea ya Tanga ndiyo reli ya kwanza nchi hii. Wajerumani walianza pale Tanga mjini 1893. Wakasuasua sana, Korogwe wamefika 1902, Mombo kwa huyu kijana 1905, Moshi 1911. Arusha hawakuwahi kufika, wakaja kuifikisha Waingereza 1929. Reli ya Kati nayo ilianza hapa Dar 1905, Morogoro 1907, Kigoma 1914. Na hizo reli mbili zilikua haziungani kabisa, mtu wa Moshi hawezi kuja Dar kwa treni bila kuzunguka, mpaka 1963 kilipowekwa kipande cha Ruvu kwenda Mruazi. Kwahiyo treni ya Dar kwenda Moshi ni mtoto wa Uhuru, wengi hamlijui hilo. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika ndo ikazaliwa TRC, shirika letu la reli.

Sasa kwanini njia inakufa. Watu wanadhani reli inakufa siku treni ya mwisho inapita. Hapana. Inakufa pale gengi linapoondolewa. Gengi ndo watu wanaotembea kwa miguu kila siku kwenye kipande chao wanaangalia, hapa kokoto zimezama, hapa boliti imelegea, hapa kalavati limeziba majani. Ukiwaondoa hao mvua mbili tatu tu zinatosha. Kalavati likiziba maji yanatafuta pa kupita, yanapita kwenye tuta, tuta likiondoka reli inabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mvua za mwisho wa 2009 na Januari 2010 ndivyo zilivyofanya kati ya Kilosa na Gulwe. Na njia isiyo na treni inapata adui mwingine, wanaotafuta chuma chakavu, mataruma ya chuma yanang'olewa usiku, vifungio vinabebwa kwa magunia. Nyasi zikishakua juu ya reli hata mtu mwema anaona hii mali haina mwenyewe.

Kwahiyo kijana unapoomba baiskeli mimi nasikia kitu kingine. Nasikia watu wa njiani wanaoitumia stesheni kila siku. Stesheni yenye watu inalindwa. Iangalieni reli ya kule kusini, ya Mtwara na Nachingwea. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ukafa 1951, na reli yenyewe mwanzoni mwa miaka ya sitini ikang'olewa. Ilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja, mzigo ulipokosekana hapakua na mtu wa kuitetea.

Ila nipinge jambo moja. Msiseme baiskeli iingie kwenye behewa la abiria. Kwenye njia yenye upana wa mita moja behewa linayumba, hasa penye kona za milimani na penye kokoto chache. Baiskeli ya kilo 20 haijafungwa, treni ikifunga breki ghafla, ni chuma kinachoruka kwenda kwa mtoto wa mtu. Iende behewa la vifurushi, ifungwe.

Binti wa Upareni

Shikamoo baba mstaafu, asante kwa elimu, sikua najua hiyo ya Ruvu kabisa.

Mimi ni wa Same, nafanya biashara ya tangawizi, inatoka kule juu Mamba na Myamba inashushwa mpaka barabarani halafu inakuja Dar. Naongea kama mwanamke na naomba mnisikie kwa upande huo.

Treni ya masafa inapita stesheni nyingi za njiani usiku au alfajiri. Hedaru, Makanya, Same. Mwanamke ukishuka saa tisa usiku una hela ya mauzo kiunoni, bodaboda usiyemjua ndo usafiri pekee, unafanyaje? Mimi nalala stesheni. Nakaa kwenye benchi mpaka kuche ndo natafuta usafiri, na hapo nimeshapoteza nusu siku. Kama ningekua na baiskeli yangu nashuka na wanawake wenzangu watatu wanne tuna baiskeli zetu tunaondoka pamoja. Wasichana wengi wa sekondari huku wanaendesha baiskeli kwenda shule, hilo la baiskeli kuwa ya wazee mkuu wa Tabata labda ni huko kwenu.

Halafu kitu kingine hamjakigusa, mizigo midogo. Basi haliulizi una kilo ngapi, konda anakuangalia usoni anakutajia bei. Mimi nikibeba debe mbili za tangawizi naweza kutajiwa bei tatu tofauti kwa wiki moja. Baba mstaafu akisema behewa la vifurushi mimi namuelewa vizuri, kule kuna mzani na kuna risiti. Hiyo baiskeli nayo ipewe risiti. Mtu akiipoteza au akiipinda pawe na karatasi ya kuulizia.

Mwana Ifakara

Natoa mfano hai. Njooni Ifakara muone baiskeli, ule mji unaishi kwa baiskeli, mpunga unatoka mashambani kwa baiskeli, mgonjwa anapelekwa hospitali kwa baiskeli, mtu wa ofisini na mtu wa shamba wote wako kwenye baiskeli. Ardhi ni tambarare ndo maana. Na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita hapo hapo, imejengwa 1970 mpaka 1975, ikaanza rasmi 1976, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi Zambia. Nimekua naangalia watu wanaisubiri treni stesheni na baiskeli zimeegeshwa pembeni.

Kuna njia nyingine naomba muikumbuke, ile ya kutoka Kilosa kupita Mikumi kuja Kidatu. Kilosa mpaka Mikumi ilifika 1960, Kidatu 1965, jumla kama kilomita 108. Pale Kidatu ndo TRC na TAZARA zinakutana ila haziingiliani, upana wa njia moja ni milimita 1,000 nyingine 1,067, tofauti ya milimita 67 tu mzigo lazima ushushwe upakiwe upya. Sasa SGR, reli mpya ya umeme, ipo Kilosa. Fikirieni mtu ametoka Dar asubuhi kwa SGR, anashuka Kilosa, anapanda katreni kadogo ka mabehewa mawili kanampitisha Mikumi mpaka Kidatu na baiskeli yake, jioni anaingia Ifakara. Bonde lote la Kilombero lingefunguka, miwa, mpunga, na wageni wa mbugani humo humo.

Mdau wa Ughaibuni

Wakuu salama. Mzaliwa wa Temeke, nipo Edinburgh mwaka wa tisa sasa, na huu uzi umenifanya nishindwe kulala nikaona niandike ninachokijua huku.

Uingereza walifanya kosa kubwa la reli za vijijini. 1963 ilitoka ripoti ya bwana mmoja anaitwa Beeching, ikapendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe kwa sababu hazilipi. Nyingi zikafungwa kweli. Reli ya kutoka hapa Edinburgh kwenda kusini kwenye wilaya za Borders ikafungwa 1969, reli zikang'olewa, sehemu nyingine zikajengewa barabara na nyumba. Watu wa kule wakadai miaka na miaka. Imerudi Septemba 2015, kilomita kama 48 mpaka Tweedbank, na gharama ilikua pauni milioni 294, kwa sababu ilibidi waijenge upya kabisa.

Sasa linganisheni na hii. Kusini magharibi mwa Uingereza kuna mji mdogo unaitwa Okehampton. Treni ya abiria iliondolewa 1972, ila reli haikung'olewa sababu kulikua na machimbo ya kokoto yanaitumia. Novemba 2021 abiria wamerudi, gharama kama pauni milioni 40 tu na wakamaliza kabla ya muda. Tofauti ni kwamba chuma kilibaki chini. Mzee wetu mstaafu amesema kitu hicho hicho kwa maneno yake.

Na baiskeli. Njia ya kwenda Oban huku Scotland tokea 2021 kuna mabehewa ya zamani yalikarabatiwa yakawekewa nafasi ya baiskeli 20. Hawakununua mapya, walichukua behewa lililopo wakatoa viti wakaweka vishikio. Copenhagen treni za mjini zilifanya baiskeli iwe bure 2010, na idadi ya wanaosafiri nazo ikaongezeka mara nyingi. Umoja wa Ulaya sasa wameweka sheria treni mpya ziwe na nafasi angalau 4 za baiskeli.

Kwa kaka wa Tabata, wasiwasi wako wa kubanana huku wanao pia. Reli za chini ya ardhi za London, hata kwenye sehemu zinazokubali baiskeli, siku za kazi haziruhusiwi saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi mpaka saa moja. Nje ya masaa hayo, kwenye sehemu hizo, ruksa. Kwahiyo haigombani na mtu wa kazini.

Kijana wa Tabata

Hiyo ya masaa nimeielewa na imenibadilisha mawazo, nasema wazi. Nilikua nadhani mnataka baiskeli ziingie saa kumi na mbili asubuhi. Treni ikiwa inarudi Pugu tupu sina tatizo, na ndoo za samaki ziwe na mfuniko, behewa la mwisho. Kingine, kama ni kweli tunataka watu wafike stesheni kwa baiskeli basi pale Gongo la Mboto na Pugu pawe na pa kuegesha penye mlinzi. Wengi hawahitaji hata kupanda nayo, wanahitaji kuikuta jioni.

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Mkuu wa Tabata nashukuru sana, na hilo la maegesho lilikua limenitoka kabisa. Ni kweli, kuna watu wa aina mbili. Kuna anayeishi karibu na stesheni ya kuondokea ila anakoenda ni mbali na stesheni ya kushukia, huyo lazima asafiri na baiskeli. Na kuna anayekaa mbali na stesheni ila kazi yake ipo hapo hapo treni inaposhusha, Kamata au Stesheni, huyo anataka mlinzi na mnyororo tu.

SGR nayo tuiguse. Juni 2024 imeanza Morogoro, Julai ikafika Dodoma, kilomita 160 kwa saa, na mimi nimeipanda nimejisikia vizuri kama Mtanzania. Lakini angalia stesheni zake za njiani. Soga, Ruvu, Ngerengere, Mkata, Kidete, Igandu. Hizo sio Kariakoo, ni sehemu za mashamba na mifugo, nyumba zimetawanyika. Mtu akifika Soga kwa nusu saa na ushee halafu akae saa nzima anatafuta usafiri wa kwenda shambani, ile spidi yote imeishia pale kwenye mlango wa stesheni. Sisemi waweke baiskeli 20, waanze hata na nne kama walivyofanya hao Ulaya.

Mabarabarani wenzetu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wamehangaika miaka mingi na njia za baiskeli hapa Dar, na mwendokasi ya Morogoro Road ilipojengwa ikawekewa njia ya baiskeli pembeni, jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri 2018. Kwenye reli bado sijaona mtu anaipigania hii kitu. Nataka niandike barua LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, maana nauli na masharti ya usafiri wa reli yapo chini yao. Lakini sitaki kuandika barua ya malalamiko, nataka niandike yenye vipimo, mtu akiisoma asiseme haiwezekani.

Baba mstaafu shikamoo, nisaidie. Behewa la vifurushi baiskeli zinapangwaje?

Mstaafu wa Gengi

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza.

Usizilaze. Zikilazwa moja juu ya nyingine ndo yanatokea yaliyokukuta, pedeli ya hii inaingia kwenye spoku za ile. Zisimamishwe zikiegemea ukuta, moja inaangalia mbele nyingine inaangalia nyuma, hivyo hendeli hazigombani. Pedeli ya ndani igeuzwe iwe juu. Ukutani iwekwe bomba moja la chuma linaloenda kwa urefu, kimo cha kiuno, kila baiskeli inafungwa hapo kwa mpira wa tyubu, sehemu mbili, chini ya siti na shingoni kwenye usukani. Mpira sio kamba. Kamba inalegea treni ikiyumba, mpira unavuta. Na za stesheni za karibu ziingie mwisho, ya Mombo isifunikwe na za Moshi, hapo ndo kazi ya karani wa vifurushi, lazima ajue orodha ya stesheni kichwani. Zamani walikua wanaijua hata ukiwaamsha usingizini.

Kuhusu muda, stesheni ndogo treni inasimama dakika chache. Kama mpokeaji anasubiri chini na kikaratasi mkononi baiskeli inashuka dakika moja. Kama hayupo ni shida. Waweke sharti, mwenye baiskeli asogee behewa la nyuma stesheni moja kabla ya kushuka.

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Nimepima yangu jana usiku. Phoenix ya inchi 28, urefu mita 1 na sentimita 88, hendeli upana sentimita 58, uzito kilo 21 kwenye mzani wa duka la nafaka. Nikachukua na ya jirani muuza samaki tukaziegemeza ukutani kama alivyosema baba mstaafu, moja mbele moja nyuma, kila moja inakula kama sentimita 33. Ina maana ukuta wa mita 4, ukichukua na mita mbili za sakafu mbele yake, unabeba baiskeli 12. Kona moja tu ya behewa, lote lililobaki linaendelea na magunia na maboksi.

Jirani ameniuliza barua inaenda lini. Nimemwambia nasubiri vipimo vya watu wengine kwanza, maana sio kila mtu ana Phoenix. Wenye baiskeli za kike, zenye makapu, za watoto wa shule, pimeni mniwekee hapa, na muandike kutoka stesheni yenu mpaka nyumbani ni kilomita ngapi.

Mwana Ifakara

Avon, mita 1 na sentimita 86, keria imeongezwa kwa nondo kwahiyo fika mita 2. Stesheni mpaka nyumbani kilomita 9.

Binti wa Upareni

Ya kike, ina kikapu mbele. Mita 1 na sentimita 79, kikapu kinatokeza sentimita 30 ila kinafunguka kwa boliti mbili. Kutoka stesheni ya Same mpaka kwetu kilomita 11, nne za mwisho ni mlima nasukuma. Andika na hiyo.